Almasi na kinywe vyote kaboni, inakuwaje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma jiolojia mwaka wa kwanza, tumeambiwa almasi na kinywe (grafiti, ile ya ndani ya penseli) vyote ni kaboni tupu, sasa mbona kimoja kinakata kioo na kingine kinachafua vidole? Michoro ya kitabuni siielewi kabisa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Michoro bapa hata mimi ilinitesa. Daunilodi VESTA kwenye kompyuta, programu ya kuonyesha fuwele kwa 3D, ni ya bure kwa wanafunzi, halafu chukua mafaili ya CIF (yanayoeleza atomu za fuwele zimekaa wapi) kule Crystallography Open Database, hazina ya mtandaoni ya fuwele, nako bure. Fungua almasi uizungushe na mausi, utaona kila atomu imeshikwa na wenzake wanne pande zote, hakuna pa kuponyokea. Kisha fungua kinywe, itazame kwa ubavu, hapo ndo utacheka: ni mashuka mashuka, ndani ya shuka kila atomu ina majirani watatu wa nanomita 0.142 tu, ila shuka hadi shuka ni kama 0.335 na kamshiko kenyewe dhaifu, ndo maana yanateleza na penseli inaandika. Pima mwenyewe, programu ina kitufe cha umbali. Kwenye simu haifanyi kazi lakini, azima laptopu.