Kushuti filamu kwa watu sita na mfuko mwembamba

Swali la kwanza huwa ni kamera, na jibu lake ni fupi. Kamera yoyote inayokuruhusu kufunga fokasi, mwanga na rangi kwa mkono inatosha, hata simu nzuri. Kodi au azima, usinunue. Weka fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu wa Tanzania ni wa hezi 50. Ukiweka 1/60, taa za nyumbani zinaweza kuleta mistari inayotembea kwenye picha, na kuiondoa wakati wa kuhariri ni mateso. Balbu nyingine za LED za bei rahisi hupepesa hata kwa 1/50. Zizime, washa zako. Kinachoua filamu nyingi za bajeti ndogo si kamera. Ni ratiba na sauti.

Anza na ratiba. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Timu ya watu sita, yaani mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mtu wa taa, mtu wa mavazi na vipodozi, na meneja anayeshika pesa, simu na chakula, inamudu kurasa 5 kwa siku. Labda 6, kama sini (tukio la mahali na wakati mmoja) ni ya watu wawili wamekaa wanaongea. Kwa hiyo skripti ya kurasa 80 ni siku 16. Kama pesa yako ni ya siku 10, punguza skripti. Ukiongeza kasi utaishia na sini zisizounganika. Piga hesabu mwenyewe: kurasa 5, kila ukurasa shoti 5 (shoti ni kipande kinachorekodiwa bila kukata), ni shoti 25. Saa 10 za kazi ni dakika 600, ambazo ni dakika 24 kwa kila shoti, na ndani yake kuna kuhamisha taa, mazoezi, kukosea na kurudia. Mwongozaji anayetaka shoti 40 kwa siku anajidanganya.

Dakika hizo huliwa zaidi na kuhama. Kufungasha vifaa, foleni ya Dar es Salaam, kufungua tena na kupanga taa: usihesabu chini ya saa mbili, na mwenye nyumba bado hajafungua geti. Tafuta nyumba moja yenye sebule, jiko, chumba na uani vinavyotofautiana, kisha irekebishe skripti iendane nayo. Sini ya benki igeuzwe kuwa mazungumzo ya simu baada ya kutoka benki. Shuti kwa mpangilio wa mahali, si wa hadithi, na ndani ya sini moja maliza shoti zote zinazotazama upande mmoja kabla ya kugeuza kamera. Kila ukigeuka, taa, nyaya na mabegi vyote vinahama.

Jua la huku kwetu lina tabia yake. Kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa linakuwa juu mno, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Sini za nje zipange saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, kisha saa 10 jioni kuendelea, ukijua kwamba giza huingia haraka; ule mwanga wa dhahabu wa jioni hautakusubiri ubadilishe lenzi. Mchana ingia ndani. Ukilazimika kupiga nje mchana, tandaza shuka jeupe juu ya mwigizaji, mita moja au mbili kutoka kichwani, na mwekee karatasi nyeupe ya foamu chini ya kifua imrudishie mwanga usoni. Pima mwanga kwa ngozi ya uso, usipime kwa ukuta mweupe wa nyuma, la sivyo uso wa mwigizaji mweusi utapotelea gizani.

Sasa sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga, lakini mazungumzo asipoyasikia anazima. Maiki iliyo juu ya kamera ni ya kusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri tu. Maiki ya kweli iwe kwenye fimbo, ishuke kutoka juu ikielekea kinywani, karibu kadiri inavyowezekana bila kuonekana kwenye picha. Nusu mita ni nzuri, mita mbili ni kelele ya chumba. Rekoda iwe kilohezi 48, biti 24, na sauti ya juu kabisa iguse kama -12 dB kwenye mita ya rekoda ili mwigizaji akipaza ghafla isipasuke. Mtu wa sauti avae hedifoni muda wote na awe na ruhusa ya kusimamisha shoti. Akiogopa kumkatiza mwongozaji, hana kazi pale.

Maiki ndogo ya kifua ibandike shubiri moja chini ya kidevu. Kata plasta mbili, kila moja ikunje iwe pembetatu yenye gundi pande zote, bana maiki katikati, moja ishike ngozi na nyingine ishike nguo ili kitambaa kisisugue. Waya chini yake uzungushe kitanzi kidogo, ukivutwa usitikise maiki. Na khanga mpya ifuliwe kwanza! Ule wanga wake unakwaruza kila mwigizaji akipumua, na atakayeusikia ni mhariri peke yake, baadaye.

Kabla ya kulipia nyumba, kaa ndani yake dakika kumi kimya, saa ileile utakayoshuti. Sikiliza jenereta ya jirani, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, shule. Msikiti ukiwa karibu, adhuhuri iwe muda wa chakula. Ratiba inakaa sawa na hakuna anayenung'unika. Paa la mabati wakati wa masika maana yake ni siku nzima ya kusubiri mvua ikatike. Feni zizimwe, friji pia, na funguo za gari ziweke ndani ya friji ili usiondoke bila kuiwasha friji tena. Nyama ya mwenye nyumba ikioza hamtarudi pale. Chumba cha vigae na ukuta mtupu kinatoa mwangwi, hivyo chukua magodoro na mablanketi ya nyumba hiyohiyo, yasimamishe nyuma ya kamera. Kila mahali, kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya ukimya wa pale watu wote wakiwa wamesimama bila kusogea. Mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Nguo za mitumba zina sura nzuri kwenye kamera, ila hazina pacha. Shati litakalochanika, kuloa au kupakwa damu linunuliwe dukani matatu yanayofanana. Mtu wa mavazi apige picha kwa simu mwisho wa kila shoti: vifungo, saa ipo mkono gani, juisi imebaki kiasi gani kwenye glasi.

Umeme: nunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) yenu wenyewe kabla ya kuwasha taa, na ekstensheni ya kuzungushwa ikunjuliwe yote, kwa sababu ikibaki imejikunja na mzigo mkubwa inachemka hadi kuyeyuka.

Kadi na diski hazitaki haraka. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inatumia gigabaiti 45 kwa saa. Ukirekodi saa mbili kwa siku ni 90, na kwa siku 12 inapita terabaiti 1, kwa hiyo nunua diski mbili za terabaiti 2. Hakuna kadi inayofutwa mpaka kuna nakala mbili na mtu amefungua klipu kadhaa akaziona zinacheza. Diski hizo zilale nyumba tofauti. Kadi mpya ijaribu kwa kuijaza yote kabla ya siku ya kwanza. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 128 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo zaidi, na picha zako zinapotea bila onyo.

Tanzania Bara, kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976. Zanzibar ina mamlaka yake. Nenda pia serikali ya mtaa, maana wananchi watamuuliza mwenyekiti, hawatauliza Bodi. Sare za polisi na droni zina ruhusa zake, ziombe mapema.

Makubaliano na waigizaji yaandikwe, hata ukurasa mmoja: siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na ruhusa ya kutumia sura zao. Nauli itoke mkononi kila jioni. Asilimia 10 ya bajeti usiiguse, na ndani yake tenga siku moja ya kurudia, kwa sababu mhariri atakuta shoti inakosekana. Mpaka atakapomaliza kuunganisha sini zote, hakuna mwigizaji anayenyoa, kufuga ndevu wala kufumua nywele. Hilo nalo liandikwe kwenye ule ukurasa.