Gurudumu kubwa nyuma: nunua tairi kabla ya kukata bomba

Ukitaka kuunda baiskeli yenye gurudumu kubwa la nyuma, fremu iache kwanza. Tafuta tairi. Vijana wengi wanaoniuliza habari za baiskeli yangu huwa tayari wamekata bomba na mchoro mzuri wanao kwenye simu, ndipo wanauliza tairi la inchi 36 linauzwa wapi. Madukani kwetu halipo. Langu nililetewa na binamu yangu kutoka nje, pamoja na ringi na spoki zake, na mzigo ulipofika ndipo nikamtafuta fundi wa kuchomelea.

Spoki ziagize hapohapo na ringi. Hizi za gurudumu la inchi 28 zinazouzwa kila kona zina urefu wa sentimita 30 hivi. Za 36 zinakaribia 38, na spoki haiungwi. Tena spoki ndefu ni dhaifu ukilisukuma gurudumu kwa ubavu, kwa hiyo chagua habu (kitovu cha gurudumu) pana, yenye matundu 36.

Inchi zilizoandikwa kwenye tairi zisikudanganye. Soma milimita zilizoandikwa kwa maandishi madogo ubavuni, yaani kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Ishirini na nane ya Phoenix ni 635, ishirini na nane ya baiskeli nyingi za mtumba wa Ulaya ni 622, na haziingiliani hata ukizipaka sabuni. Ya 36 ni 787.

Sasa fremu. Kuna anayefikiri atachukua fremu ya kawaida, apanue nyuma kidogo, achomeke gurudumu. Hesabu inakataa. Gurudumu la 36 lenye tairi lina kimo cha sentimita 90 hivi, la 28 lina 71, maana yake ekseli ya nyuma inapanda karibu sentimita 10. Fremu nzima inainamia mbele nyuzi kama tano, foki inasimama wima mno, na usukani unakuwa mwepesi kiasi kwamba ukitoa mkono mmoja kuashiria kona, baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Ndiyo maana unaanza na bomba tupu.

Mimi nilichora baiskeli nzima kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kwa vipimo vyake halisi. Karatasi haikuonyeshi goti litagonga wapi. Weka krenki sentimita 29 kutoka chini, ekseli ya nyuma 45, kisha angalia tairi linavyolikaribia bomba la siti. Ukiacha nafasi ya kidole baina yao, umbali kutoka krenki hadi ekseli unapita sentimita 55 kidogo, wakati baiskeli ya kawaida haifiki 50. Cheni moja huenda isitoshe. Ikipungua, nunua mbili uunge.

Utashawishika kulisogeza gurudumu chini ya siti ili baiskeli iwe fupi. Usifanye. Miaka ya 1880 huko Smithville, New Jersey, kilitengenezwa chombo kilichoitwa American Star, gurudumu kubwa nyuma na dogo mbele, ili mpanda asirushwe kichwa mbele kama ilivyokuwa kwa baiskeli za wakati ule zenye gurudumu kubwa mbele. Hatari yake ikahamia nyuma: ukipanda mlima, gurudumu la mbele linanyanyuka. Uzito wako ukikaa juu ya ekseli, utayaona hayohayo kwenye tuta la kwanza.

Gia inasahaulika kuliko kitu chochote. Meno 48 mbele na 20 nyuma, kwenye 28, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mita 5.4. Meno hayohayo kwenye 36 yanakupeleka karibu mita 6.8, na hapo hata kuondoka kwenye mataa ni kazi ya kusimama juu ya pedali. Weka 32 mbele, 20 nyuma. Unapata mita 4.5, na mchangani utashukuru.

Breki ya nyuma niliweka ya kurudisha pedali, ile ya ndani ya habu, kwa sababu haihitaji kufikia ringi. Lakini gurudumu likikua, breki ya habu inapungua nguvu, hapa kama sehemu moja ya tano. Breki nzuri ya mbele ni lazima.

Bomba la mabati lenye rangi ya fedha usikubali lichomelewe hivyo hivyo, hata fundi akisema amezoea. Moshi wa zinki unaleta homa usiku. Lisuguliwe mpaka chuma kionekane, au tumia bomba jeusi. Na fundi ashikize nukta tu kwanza, uvae magurudumu, usimame nyuma utazame kama yako mstari mmoja, ndipo amalizie.

Tyubu ya 36 ikitoboka vibaya ugenini, ya 29 inaingia. Ipulize kidogo, ivute taratibu kuzunguka ringi, ujaze. Mimi natembea na ya 29 kwenye begi, ni nyepesi na inapatikana.