Unga tunapika, data hatupiki: kwa mnaoanza kazi ya kuhifadhi haidrojeni

Wadogo zangu, tangu Nobeli ya kemia ya 2025 iende kwa Kitagawa, Robson na Yaghi naona kila mtu anaitaka MOF (unga wa fuwele uliojengwa kwa metali na asidi za ogani, umejaa vitundu vidogo mno), na karibu kila anayekuja kuniuliza anaanza na swali lile lile, eti ni unga gani unaobeba haidrojeni nyingi kuliko wote. Swali sio baya ila ndio linalowapoteza watu mwaka mzima wa kwanza, na mimi lilinipoteza vizuri tu, nitafika huko. Kwa sasa mjue kwamba kwenye kazi hii kupata namba kubwa ni rahisi mno, shughuli iko kwenye kujua hiyo namba imetoka kwenye unga au imetoka kwenye mashine yako.

Kwanza tukumbushane tunahangaikia nini. Kwa uzito haidrojeni haina mpinzani, kilo moja ina megajuli 120 hivi wakati petroli haifiki hata 50, na ukiitumia kwenye seli ya mafuta, kile kifaa kinachoigeuza kuwa umeme, kinachotoka ni maji. Tatizo ni nafasi inayokula. Lita moja ya haidrojeni kwenye presha hii ya hewa tunayovuta haina hata gramu 0.1! Ndio maana magari ya haidrojeni yanaishindilia hadi bar 700, hapo unapata kama gramu 40 kwa lita, na tenki lenyewe linakuwa nene na ghali kwa sababu limezungushiwa nyuzi za kaboni. Ukiigeuza kimiminika unapata gramu 71 kwa lita ila uishushe mpaka nyuzi -253, na hata hapo kila siku kidogo inachemka inatoroka.

Sasa wazo letu sisi ni kujaza tenki unga wenye vitundu vya nanomita moja hivi, gesi inanata kwenye kuta za vitundu na molekuli zinakaa zimebanana bila kuhitaji presha ya kutisha. Wazo tamu sana. Ila huko kunata ni kuegemea tu, hakuna bondi ya kikemia, kwenye MOF na kaboni za kawaida ni kilojuli 4 hadi 7 kwa moli, na joto la chumba linaibandua molekuli kirahisi kabisa. Ndio maana karibu namba zote kubwa mnazoziona zimepimwa kelvini 77, yaani nyuzi -196, ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Ili unga ufanye kazi joto la chumba unatafuta kama kilojuli 15 hadi 20 kwa moli, wachache wamefika huko kwa kuacha metali wazi ndani ya vitundu, lakini usivuke sana maana ukienda kwenye bondi kamili, mfano magnesi na haidrojeni, unahitaji karibu nyuzi 300 kuitoa tena. Kwa hiyo mtu akikuambia "unga wetu unabeba asilimia 7" (yaani ya uzito) muulize joto gani na presha gani kabla hujasema hongera, bila hivyo viwili hajakuambia kitu.

Haya, kazi ya mikono. Mtajifunza kupika unga ndani ya wiki mbili, chumvi ya metali, asidi yako ya ogani, kiyeyushi, chombo kwenye oveni, kesho yake una fuwele. Watu wakishaona fuwele zinang'aa na grafu ya eksirei imekaa sawa wanadhani wamemaliza, kumbe vile vitundu ulivyojengea mwaka mzima vimejaa kiyeyushi! Kusafisha vitundu ndio nusu ya kazi, na mimi naona ni zaidi ya nusu. DMF, kiyeyushi tunachopikia mara nyingi, inachemka nyuzi 153 na haipendi kutoka, kwa hiyo unaibadilisha kwanza na kiyeyushi chepesi kama methanoli au dikloromethani, unaloweka, unamwaga, unaloweka tena, siku tatu nne usione uvivu, ndipo unaweka kwenye utupu na joto la taratibu. (Angalieni pia unga wenu unavumilia nini, sio kila kiyeyushi ni rafiki wa kila MOF.) Unga mwingine ukiuvuta utupu haraka kuta zinaangukia ndani kama nyumba ya karata, hizo tunazikausha kwa kaboni dayoksaidi iliyopitishwa juu ya nyuzi 31 na bar 74, pale ambapo hakuna tofauti ya kimiminika na gesi, kwa hiyo hakuna mvuto wa kimiminika kuzivuta kuta zikabomoka.

Anzeni na HKUST-1 jamani, ile MOF ya shaba. Naipenda kwa sababu inakuonyesha rangi. Ikitoka kwenye chombo ni bluu ya anga, ukiiweka kwenye utupu na joto inaanza kukolea kuanzia pale bomba linapogusana na hita, bluu inakuwa nzito, inakwenda kwenye zambarau, maana maji yaliyokuwa yameshika shaba yanaondoka. Sasa fungua bomba, mwaga kidogo kwenye karatasi, kaa uangalie. Utaiona inarudi bluu nyepesi mbele ya macho yako, inakunywa unyevu wa chumba. Nilipoonyeshwa hivyo siku ya kwanza ndio nikaelewa kwa nini mizani yetu iko ndani ya boksi la glavu, lile lililofungwa lisiingize hewa ya chumba, kabla ya hapo nilikuwa naona ni mbwembwe tu. Unga mwingi haubadilishi rangi, unakunywa maji kimya kimya na wewe unapima ukidhani ni mkavu.

Na msidhani ni makosa ya wanafunzi peke yake. MOF-5, hii ya zinki iliyotangazwa 1999, mwaka 2003 iliripotiwa inabeba asilimia 4.5 kwenye kelvini 78 kwa presha isiyofika hata bar 1. Watu wakapagawa. Mwaka uliofuata namba ikashuka hadi kama 1.3 kwa bar 1. Halafu 2007 kundi lililoitengeneza na kuishika bila kuigusisha hewa kabisa likapata 7.1 kwa kelvini 77 na bar 40, na wakaonyesha wazi kwamba ile iliyopigwa na hewa inabaki chini. Angalieni hapo, unga ule ule wenye jina lile lile, tofauti ni nani kaushika vipi na kapima wapi. Na kabla ya hapo kaboni zilikuwa na kisa chao, 1998 kuna waliotangaza nyuzi ndogo za kaboni zinazobeba zaidi ya asilimia 60 ya haidrojeni, maabara nyingine zikajaribu weee hakuna aliyeipata.

Kuhusu eneo la kuta za vitundu nitasema kwa kifupi. Ndio, kuna unga ambao gramu moja ina zaidi ya mita za mraba 7,000, huo ni uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 umeukunja ukaingia kwenye kijiko. Na kuna kanuni ya Chahine ya kukadiria haraka, kila mita za mraba 500 kwa gramu zinakupa kama asilimia 1 ya haidrojeni kwenye kelvini 77. Itumieni kama polisi. Ukipima mita 1,500 halafu mashine inakwambia asilimia 6, usiite mkutano, kagua valvu.

Kitu ambacho hawakusisitizii mapema ni tenki tupu. Kila mara jiulize, nisingeweka unga kabisa ningepata gramu ngapi? Mfano kwenye nyuzi 25, tenki tupu ukilijaza hadi bar 100 na kulitumia mpaka ibaki bar 5 linakupa kama gramu 7 kwa lita. Moja ya unga bora kabisa kwa joto hilo, wa nikeli, umefika gramu 11. Kwa hiyo jasho lote lile, miaka yote ile, limeongeza gramu 4 tu kwa lita. Siwavunji moyo, nataka mjue mnasimama wapi. Ukikubali baridi mambo yanabadilika, MOF inayoitwa NU-1501 iliyotoka 2020 inatoa asilimia 14 kwa uzito na gramu 46 kwa lita ukiijaza kelvini 77 bar 100 na kuitoa kwenye kelvini 160 bar 5, lakini hata hapo kumbuka tenki tupu kwenye kelvini 77 na bar 100 tayari lina kama gramu 30 ndani yake.

Halafu hizo gramu kwa lita mara nyingi zimepigwa kwa ujazo wa fuwele nzima isiyo na mwanya. Fuwele ya MOF-5 ni gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, ila ukimimina unga wake kwenye chombo unaweza kukuta gramu 0.2 au chini ya hapo, yaani zaidi ya nusu ya tenki ni nafasi kati ya punje na punje. Ukisema uushindilie sana kuta zinavunjika. Mhandisi wa matenki akikuuliza hili huna pa kukimbilia.

Usalama: haidrojeni inawaka ikiwa hewani kati ya asilimia 4 na 75, cheche ndogo usiyoisikia hata kidoleni inatosha, na moto wake mchana huuoni. Nitrojeni ya kimiminika ikimwagika kwenye chumba kilichofungwa inageuka gesi mara 700 hivi na inafukuza oksijeni bila harufu wala dalili, kwa hiyo usipande nayo lifti. Na ukiona kimiminika cha bluu hafifu kwenye mtego wa baridi wa pampu, usiguse kitu, hiyo ni oksijeni, ondoka uite mkubwa wako.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa pili nilipika unga mpya, nikapima kwa mashine yetu ya presha, joto la chumba, bar 100, nikapata asilimia 2.9. Kwa joto la chumba hiyo ni habari ya mjini kabisa. Nikarudia kesho, 2.9. Kesho kutwa, 2.8. Mara tatu! Nikaanza kuandika rasimu usiku, nishachagua mpaka rangi za grafu. Supavaiza wangu akasoma, hakusema ni uongo, akafungua droo akanipa kichupa cha shanga za kioo akasema pima hizi, uzito ule ule, saa ile ile.

Kioo kikameza asilimia 2.5.

Nilikaa kwenye kiti kama dakika kumi naangalia ile namba. Kioo hakina kitundu hata kimoja. Ikabidi nishike kalamu. Chumba cha mashine kina mililita 25, kwa bar 100 na joto la kawaida ndani kuna kama miligramu 190 za haidrojeni. Joto likishuka nyuzi 2, presha inashuka karibu bar 0.7, na programu yangu ilikuwa inatumia joto nililoliandika mwanzoni, kwa hiyo ikiona presha imeshuka inasema aha, unga umekula, inaandika miligramu 1.3. Sampuli yangu ilikuwa miligramu 50 tu maana nilikuwa nabania unga. Gawanya: asilimia 2.6, karibu ile ile ya kioo. Na joto lilishuka kwa nini? Kiyoyozi cha chumba kiliwekwa saa, kinawaka saa 4 asubuhi kila siku, na mimi mtu wa ratiba nilikuwa naanza kupima saa 3 na nusu kila siku. Kosa langu lilikuwa na nidhamu kuliko mimi, ndio maana likajirudia mara tatu bila kukosea.

Kwa hiyo nikapika unga wa kutosha, gramu 1.1, nikazungushia mashine maji ya joto lisilobadilika, nikaweka kipima joto kinachosoma kila sekunde, nikapima kwa gesi ya heli kwanza kujua nafasi iliyobaki, nikapima shanga, halafu ndio nikapima unga, nao ukatoa asilimia 0.4. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye tasnifu yangu, kwenye jedwali, mstari mmoja. Kelvini 77 nako nilikuwa na ugonjwa ndugu yake, nitrojeni inapungua kwenye termosi usiku, sehemu ya bomba iliyokuwa baridi inapata joto, presha inahama, kwa hiyo wekeni alama kwenye termosi na muijaze mpaka pale pale kila baada ya muda.

Zile shanga za kioo alinirithisha, zipo kwenye droo yangu mpaka leo. Ukija na asilimia 3 kwa joto la chumba nitakuazima, ila uzirudishe.