Mbaazi zangu zachacha kabla ya alasiri

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimefungua kiduka Kisauni, Mombasa, cha vyakula tayari vya kubeba nyumbani: mbaazi za nazi, biriani, mahamri na sambusa. Nimenunua friji ya kioo ya mtumba. Ikifika saa nane mbaazi zimechacha, mahamri ya friji yawa kama mbao. Nifanyeje, na niuze bei gani?
Mwenye Kiduka

JIBU: Marahaba mwanangu. Friji yako haina kosa, kosa ni nazi. Kasimele, lile tui zito, ndiyo ichachayo kwanza. Mimi nilijua kwa hasara: joto la kaskazi, mwezi wa Januari, nilisukuma sufuria nzima ya mbaazi ndani ya friji ingali yafuka mvuke. Friji yote ikapata joto, maziwa yakaharibika, mbaazi zikatoa povu. (Mume wangu alikula bakuli zima akasema nimezidisha ndimu.)

Basi chemsha mbaazi kwa maji na chumvi tu. Zikiiva zimwage kwenye sinia pana zipoe upesi, ndipo uzitie friji. Mteja akija, mpimie zake, tia kasimele, koroga mpaka vitokote pamoja. Ukitaka kuziweka kaunta tayari, zikae moto wa digrii 60 kwenda juu. Za friji ziwe chini ya 5. Hapo katikati ndipo vijidudu huzaana.

Biriani, bahati yetu wali na masala hukaa mbali mbali. Ogopa wali. Mna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala nje, mbegu huamka, na sumu yake haiondoki hata ukiupasha tena.

Mahamri yatoe friji leo hii, baridi ndiyo huyakausha. Choma kidogo asubuhi, choma tena alasiri.

Lakini biashara yako hasa ni sambusa. Kausha nyama maji yote, ipoe kabisa, la sivyo manda, yale maganda ya unga, zitalowa. Zikunje, zipange kwenye sinia zisigusane, zigandishe, kisha uzipakie kumi kumi zikiwa mbichi. Mwambie mteja azikaange na barafu yake, mafuta yasiwe makali sana zikaungua nje ndani kungali baridi. Ramadhani hutapata nafasi ya kukaa.

Bei usiniulize mimi. Kisauni si Nyali kwa matajiri.