Besi ya Kwanza: Laki Saba, Shemeji wa Marekani na Nyuzi Nne

*Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 43, ni mhasibu hapa Tanga. Gitaa la besi nalipenda tangu ujanani, na sasa watoto wamekua nataka kujifunza kwa kujifurahisha tu, sina mpango wa kuingia bendi. Nimeweka akiba shilingi laki saba. Shemeji yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia amplifaya yake ya zamani bure. Kijana wa dukani Dar naye ananisukumia gitaa la nyuzi tano, anasema ndiyo ya kisasa. Nifanyeje? – Mhasibu, Tanga*

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na la shemeji, maana ndilo linaloweza kukutia hasara kabla hujapiga noti hata moja. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Amplifaya ya kule ukiichomeka ukutani hivi hivi, fyuzi inakatika papo hapo, na bahati ikiwa mbaya transfoma ya ndani inaondoka nayo. Mwambie aigeuze, apige picha ya pale waya wa umeme unapoingia, akutumie. Ukikuta 120V peke yake, itakubidi ununue transfoma ya kushusha umeme, na ile yenye nguvu ya kutosha ni nzito na ina bei yake. Muulize pia kama ni amplifaya ya besi au ya gitaa la solo. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya solo haikutengenezwa kwa mtikisiko wa namna hiyo. Kwa sauti ya chini itavumilia. Ukipandisha itakoroma, na mwisho itachanika.

Kuhusu nyuzi, chukua nne. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa besi yake iitwayo Precision kule California mwaka 1951 aliipa nyuzi nne, E, A, D na G, na urefu wa inchi 34 kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani) hadi daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini), na vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika mpaka leo kwenye besi nyingi. Uzi wa tano, B ya chini, una kazi yake, hasa kwenye nyimbo za injili ambako kinanda kinashuka sana. Lakini mtu anayeanza anapata shingo pana zaidi na uzi mmoja zaidi wa kuuzima kila mara usivume ovyo. Nyimbo za dansi, kama ndizo unazozipenda, nina hakika nyingi zimepigwa kwa nyuzi nne.

Sasa hizo laki saba. Tenga laki moja kabla hujatazama gitaa lolote: ya kebo nzuri, mkanda mpana, seti ya nyuzi, na fundi wa kulirekebisha. Iliyobaki tafutia gitaa lililotumika la Yamaha, Ibanez au Squier. Hilo la fundi nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wengi wameacha besi wakidhani vidole vyao ndivyo vibovu, kumbe nyuzi zilikuwa juu mno na hakuna aliyewaambia kwamba fundi huzishusha kwa nusu saa.

Ukifika dukani, usiulize rangi. Shika gitaa, weka jicho kwenye kichwa chake, utazame shingo kuelekea mwilini kama seremala anavyopima ubao. Kamkunjo kadogo ka kwenda mbele hakana neno; kuna chuma ndani ya shingo ambacho fundi hukikaza au kukilegeza. Shingo iliyojipinda upande, rudisha gitaa uage. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, taratibu, ukisikiliza mahali panapokwaruza. Halafu gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uachie: utasikia mlio mwembamba. Ubonyeze sasa hapo hapo, upige tena. Noti ziwe sawasawa. Zikitofautiana, mwambie muuzaji asogeze mbele yako vitandiko, vile vipande vidogo vinavyobeba nyuzi pale kwenye daraja. Vikiwa vimeshikwa na kutu havisogei, achana nalo. Vifundo vya sauti vikikwaruza ukivizungusha, hilo ni vumbi tu. Lisikutishe, ila litumie kuombea punguzo.

Na sikiliza kabla ya kutumia pesa zaidi. Mpiga besi James Jamerson alirekodi nyimbo za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, kwa Precision yenye nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, akipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Karibu na nyumbani, msikilize Tom Malanga, mpiga besi wa bendi ya Les Wanyika, Nairobi. Zingatia anaponyamaza. Besi yake inatembea kwa sababu kila noti ina mahali inapokatwa, na hilo halimo kwenye gitaa lolote la dukani.

*Mwalimu, mikono yangu ni midogo na kidole cha mwisho hakifiki. Nipige besi kwenye kwaya kanisani au niache? – Mama wa watatu, Mombasa*

Dada yangu, usiache! Kuna besi fupi, inchi 30 kutoka nati hadi daraja, na hata Ibanez Mikro ya inchi 28.6. Höfner ya umbo la fidla aliyoipiga Paul McCartney wa bendi ya Beatles ni ya inchi 30 pia, na hakuna aliyemlalamikia. Hakikisha tu unanunua nyuzi za urefu huo huo. Na kwa kuwa uko Pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Chumvi ya hewani na jasho vinazila haraka.

*Nimepanga chumba, jirani yangu tunatenganishwa na ukuta mmoja. Naweza kujifunza bila amplifaya? – Kijana, Dodoma*

Kwa wiki chache, ndiyo, lakini usizoee. Gitaa lisilochomekwa halisikiki vizuri, kwa hiyo mkono wa kulia unaanza kulichapa ili usikie, na tabia hiyo kuitoa baadaye ni kazi. Nunua kile kifaa kidogo cha betri kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, kama Vox amPlug ya besi, uvae hedifoni. Kinafanya kazi hata umeme ukikatika. Chomeka na simu yako humo, upige pamoja na wimbo, na mguu ukigonga sakafu polepole.