Top Chef: nani alibebwa, nani alistahili, na kwa nini saa huwatoa watu wazuri

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili kwa mpigo: msimu gani wa Top Chef, lile shindano la upishi la televisheni, ni bora kuliko yote, na je, washiriki Nina Compton na Eric Adjepong walionewa walipokosa ubingwa? Nimepitia majibu ya waliotangulia. Wengi wanasema majaji walibeba watu wao, mwingine anasema Nicholas (Nick) Elmi, aliyemshinda Nina fainali, alipewa ushindi wa mezani. Mimi nimepika miaka mingi kwenye majiko ya hoteli za pwani, siku hizi napika shughuli, harusi na vikao vya maofisi hapa Dar, na shindano hili nimelifuata tangu zama za kuazimana diski. Jibu langu ni refu, vumilieni.

Tuanze na kitu ambacho naona kinasahaulika kila mjadala huu ukiibuka. Top Chef, iliyoanza kuonyeshwa na Bravo kule Marekani Machi 2006, ni ya wapishi wa kazi, tofauti na MasterChef ya Gordon Ramsay ambayo huchukua wanaopika nyumbani kwao. Na kanuni yake ni moja, jaji mkuu Tom Colicchio ameirudia mpaka watu wamechoka kuisikia: unahukumiwa kwa sahani ya leo. Ulishinda mara nne kabla ya leo? Hongera, haihesabiki. Watazamaji tunalijumlisha shindano kama ligi, tunampa mtu pointi za msimu mzima, halafu fainali ikienda kinyume tunapiga kelele kwamba bingwa kaibiwa. Hakuna msimamo wa ligi pale. Kila siku ni mechi ya mtoano.

Kanuni hiyo sina ugomvi nayo kabisa. Mgeni wa meza ya tano hajui kwamba jana ulitoa kamba wazuri. Anachojua ni kwamba wa leo wamekauka. Aliyewahi kurudishiwa sahani na mhudumu anaijua ile aibu, na hakuna shefu atakayekutetea kwa kusema "lakini wiki iliyopita alifanya vizuri".

Sasa tumchukue Nina. Msimu wa 11, New Orleans, fainali Hawaii. Binti wa St. Lucia, kisiwa cha Karibi, mkono mtulivu, msimu mzima hakuyumba. Nick kwa upande wake alikuwa ameshawaudhi watu. Kuna siku kundi lake lilifanya vibaya na sahani yake ikawa ndiyo dhaifu, lakini alikuwa na kinga, yaani haki aliyoishinda ya kutotolewa siku hiyo. Akaulizwa kama yuko tayari kuiachia, akakataa, akatolewa mwenzake Stephanie Cmar. Kwenye fainali yenyewe akasikika mpaka mezani akimfokea mhudumu. Kwa hiyo watu walikuwa wameshamhukumu kabla hata kitindamlo hakijafika. Kilipofika, Nina alitoa zeppole, yaani maandazi madogo ya Kiitaliano, na majaji wakaona hiyo si sahani ya kufungia fainali. Ningekuwa mezani ningempa Nina, kwa sababu vyakula vyake vya kabla ya hapo vilikuwa na ladha iliyonyooka zaidi. Ila siwezi kusema aliibiwa. Kwenye mlo wa sahani chache, moja ikilegea unampa mwenzako mlango. Na kukataa kuachia kinga si dhambi ya jikoni. Kinga ameishinda, imewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Huyo Stephanie alirudi msimu wa 17 na kufika fainali, na Nina alifungua Compère Lapin mjini New Orleans mwaka 2015, kisha 2018 akapata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi na migahawa kule Marekani, ya mpishi bora wa Kusini. Wanaosema kushindwa kulimwua wana lao.

Kwa Eric nakubaliana na wenye hasira, ila sababu yangu ni nyingine. Msimu wa 16, Kentucky, fainali Macau. Eric ana asili ya Ghana, na menyu aliyoiandaa ilikuwa simulizi ya chakula kilichosafiri na watumwa kutoka Afrika Magharibi hadi Marekani. Waandaaji wakaamua mmoja wa wale watatu wa mwisho akatwe kabla menyu nzima haijatolewa, akakatwa yeye. Sahani iliyomtoa huenda kweli ilikuwa dhaifu kuliko za Kelsey Barnard Clark na Sara Bradley, sikuionja. Lakini menyu ya kisa ni kitu kizima. Ukimkata msimulizi kwenye aya ya kwanza hujapima kisa, umepima aya. Hapo lawama ni ya waliopanga fainali, majaji walifuata walichowekewa.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Tunabishana kuhusu majaji wakati anayetoa watu wengi pale ni saa. Angalieni zile changamoto za haraka za mwanzo wa kipindi: dakika 20, dakika 30, mara chache zaidi. Nani anazimudu? Anayekata samaki mbichi na kumwagia ndimu. Anayekaanga kipande cha nyama na kukichovya kwenye siagi. Jiko la Kifaransa na la Kijapani lina vyakula vingi vya namna hiyo. Jiko letu sisi, na la Wakaribi, na la Afrika Magharibi, limejengwa juu ya kungoja.

Chukua pweza. Ukimtoa sokoni unamwosha, unamweka sufuriani bila maji au na maji kidogo sana, kwa sababu atatoa yake. Unafunika. Moto wa wastani. Chumvi baadaye. Kabla ya muda kutimia hakuna ujanja, utatafuna mpira. Akishalainika ndipo kazi ya mchuzi inaanza: kitunguu kiive mpaka kipoteze ukali, nyanya ivunjike na mafuta yapande juu, bizari ikaangike isinuke ubichi, tui jepesi litangulie, tui zito lije mwishoni likiwa limepunguziwa moto lisikatike. Mtu ataniambia jiko la Top Chef lina presha. Sawa, lina, na washiriki huzikimbilia. Presha italainisha pweza, lakini haikukaangii kitunguu wala haikai na tui. Utapata pweza laini ndani ya mchuzi mbichi, na jaji atasema ladha haina kina. Atakuwa sahihi kabisa, na wewe umetoka.

Ndiyo maana nawaambia wanaomcheka Dawn Burrell wa msimu wa 18, Portland, wamtazame upya. Yule dada, aliyewahi kushindana mchezo wa kuruka chini (long jump) kwenye Olimpiki za Sydney 2000 kabla ya kuingia jikoni, mara kwa mara alisahau kuweka kitu sahanini, muda unaisha huku sosi bado imo kwenye bakuli. Watu wakasema hana mpangilio. Mimi naona mpishi ambaye kichwani ana chakula cha saa tatu na mkononi ana saa moja. Majaji walimpenda hivyo hivyo mpaka wakamfikisha fainali, maana kilichofika sahanini kilikuwa kitamu.

Carla Hall wa msimu wa 5 ni somo lingine la namna hiyo. Amefika fainali kwa chakula chake cha upendo wa nyumbani, halafu siku ya mwisho anasikiliza ushauri wa msaidizi wake, Casey Thompson wa msimu wa 3, anapika nyama ndani ya mfuko kwenye maji ya uvuguvugu, jambo ambalo halikuwa lake, kisha anaongeza na soufflé, kile chakula cha mayai kinachovimba ovenini. Vyote vikamwangusha. Hosea Rosenberg akashinda, na huyo ndiye bingwa ambaye mpaka leo simwelewi. Stefan Richter alikuwa juu yake msimu mzima, ila nikisema hivyo narudi kule kule kwenye ligi, kwa hiyo nanyamaza.

Sasa mtazameni Tristen Epps, bingwa wa msimu wa 22, Kanada, mwaka 2025. Fainali Milano. Alikuja na chakula cha Waafrika waliotawanyika, cha Karibi hasa, akakipika kwa ufundi wa migahawa mikubwa, na kwenye menyu yake ya mwisho akaweka mkia wa ng'ombe. Mkia! Kitu kinachotaka saa kadhaa motoni. Aliuweka siku aliyopewa muda wa kutosha, na ndipo unaona tofauti. Kwenye changamoto fupi huyu jamaa hakulazimisha kupika mchuzi wa bibi yake kwa dakika 30. Alichukua viungo na ladha za kwao akaziweka kwenye kitu kinachoiva haraka, yale mazito akayahifadhi. Nadhani hicho ndicho wengine waliomtangulia walichelewa kukiona, au labda enzi zao majaji wasingewaelewa. Gregory Gourdet alipofika fainali ya msimu wa 12 alikuwa anapika Kiasia zaidi. Chakula cha Haiti, kwao kwa asili, alikuja kukibeba waziwazi baadaye, na mgahawa wake Kann wa Portland ukachukua tuzo ya James Beard ya mgahawa mpya bora mwaka 2023.

Kuhusu Kristen Kish, bingwa wa msimu wa 10, naona mmoja wenu anasema alirudi kwa mlango wa nyuma. Msimu wa 10, Seattle, alitolewa kwenye vita ya migahawa, changamoto ya makundi kufungua mgahawa na kushindana, akiwa ndiye shefu wa kundi, wakati aliyemwangusha zaidi ni Josie Smith-Malave na ule mchuzi wake wa samaki. Kristen angeweza kumtaja, hakumtaja sana, akabeba mzigo. Kwa aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya kutolea chakula usiku wa harusi, wahudumu sita wanakuita kwa pamoja, meza kuu inataka wali, upande wa bwana harusi hawajapata nyama, na wewe unapaswa kujua kila sufuria iko wapi, hilo linaeleweka. Shefu ndiye mwenye jiko. Kimetoka kibaya, kimetoka kwako. Kwa hiyo kumtoa haikuwa kosa, na kurudi kwake kupitia Last Chance Kitchen, shindano la pembeni la waliotolewa, haikuwa upendeleo, kwa sababu huko nako ni kupika mmoja kwa mmoja mbele ya Tom na ukishindwa unaondoka. Alimshinda Brooke Williamson fainali, na Brooke mwenyewe akaja kutwaa msimu wa 14. Tangu msimu wa 21 Kristen ndiye mtangazaji baada ya Padma Lakshmi kuondoka, na napenda kwamba anayewatangazia watu kutolewa ameshawahi kutolewa.

Msimu bora? Wengi watasema wa 6, Las Vegas, na nawaelewa. Ndugu wawili, Michael na Bryan Voltaggio, wamefika fainali pamoja na Kevin Gillespie, mdogo kamshinda kaka. Kwa vipaji, sidhani kama kuna msimu wa watu wapya ulioufikia. Lakini mimi naupa wa 17, wa wakongwe pale Los Angeles, uliorushwa 2020 wakati dunia imejifungia ndani. Sababu yangu ni ile ile ya saa. Wote waliorudi walikuwa wameshaumizwa nayo, wanajua dakika 30 zinatosha kufanya nini, kwa hiyo ulichokuwa unaona ni upishi, si watu wanaokimbia kugongana. Melissa King alipika kama mtu aliye nyumbani kwake. Fainali ilikuwa Italia, na akathubutu kuwapelekea Waitaliano tiramisu, kitindamlo chao wenyewe, ya chai ya maziwa ya Hong Kong. Ladha ya kwao ndani ya umbo la wenyeji, kwa wakati, akaondoka na dola 250,000.

Buddha Lo simsahau, aliyeshinda msimu wa 19, Houston, na kisha wa 20, wa wakongwe kutoka matoleo ya nchi mbalimbali, kule London, mtu wa kwanza kushinda mara mbili. Huyo alilisoma shindano kama mwanafunzi wa mtihani wa taifa anayepitia karatasi za miaka iliyopita. Heshima kwake, ila kumtazama hakunipi mapigo ya moyo. Msimu huo wa London mtazameni Victoire Gouloubi, mzaliwa wa Kongo Brazzaville aliyetokea toleo la Italia. Hakufika mbali kama nilivyotaka.

Kwa anayeanza sasa: fungua wa 6, nenda wa 10, kisha wa 17, halafu ruka moja kwa moja mpaka wa 22. Msimu wa 2 uache kabisa, ule wa washiriki kutaka kumnyoa mwenzao Marcel Vigneron kwa nguvu. Ule haukuwa upishi, na Cliff Crooks, aliyemkamata Marcel, alifukuzwa kwa haki. Wa 5 utazame kwa ajili ya Carla tu, na yeyote mwenye hoja ya kumtetea Hosea aiweke hapa chini, nitaisoma nikimaliza shughuli ya Jumamosi.