Maswali na Majibu: Pikipiki Msituni

SWALI: Napita na Honda XL 125 kwenye njia ya mguu ya msituni huku milimani. Penye mizizi iliyolowa gurudumu la nyuma linachepuka, naanguka. Fundi anataka ninunue tairi mpya. Ni lazima? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Kama meno ya tairi yamelika, nunua. Ila anza na upepo, maana kuupunguza ni bure. Psi 28 (psi ni kipimo cha upepo) ni za lami. Tairi ngumu hivyo haishiki mzizi. Shusha hadi 15 mbele na 18 nyuma. Ukizidi kushusha, tyubu ya kawaida itabanwa kati ya rimu na jiwe, itoboke matundu mawili sambamba. Chungulia valvu kila mara: ikilala upande, tairi inazunguka kwenye rimu na muda si mrefu itaing'oa.

Mzizi uliolala mshazari ndio hatari kuliko yote. Geuza pikipiki mapema uukabili moja kwa moja. Maliza breki kabla ya kuufikia, simama kwenye vikanyagio, magoti yakunje, gia iwe ya pili. Vuta mafuta kidogo ili mbele kuwe kwepesi, kisha yapunguze gurudumu la nyuma linapoukanyaga. Wengi hufanya kinyume, wakaongeza mafuta hapo hapo juu ya mzizi, na tairi inazunguka bila kushika. Gia ya kwanza huzidisha kosa hilo. Kama ya pili inazimika, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele (gia ya mnyororo). Ukiibeba kwa nusu klachi utaunguza pleti za klachi.

SWALI: Ikizimika katikati ya mlima nashika klachi, inarudi nyuma na kunilalia. Nifanyeje? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Usiishike! Injini iliyozima ikiwa kwenye gia hufunga gurudumu la nyuma. Breki ya mbele peke yake haitoshi, kwa kuwa mlimani uzito mwingi uko nyuma.

Shuka upande wa kushoto, breki ya mbele umeikamata, usukani uzungushe kushoto hadi mwisho. Sasa bonyeza klachi taratibu uiache irudi kidogo, kisha iachie: hiyo ndiyo breki yako ya nyuma. Rudia mpaka pikipiki ikingame njiani, wewe ukiwa upande wa juu. Kamwe usisimame upande wa chini. Geuza usukani kulia, panda, teremka na gia ya kwanza injini ikiwa imezima, ukiidhibiti kwa klachi ileile.